Goti haliumi tena baada ya opresheni ya ACL, mbona bado nazuiwa kucheza?

SWALI: Habari dokta. Mimi ni winga, nacheza ndondo hapa Dar, nina miaka 27. Nilikata ACL (ile ligamenti ya ndani ya goti inayofunga mfupa wa paja na mfupa wa chini) goti la kushoto nikaopresheniwa, kano wameichukua nyuma ya paja langu mwenyewe, sasa niko wiki ya 13. Goti haliumi kabisa, natembea fresh, ngazi napanda. Kliniki wananiambia nisubiri mpaka miezi tisa na mimi naona nanenepa tu, nilikuwa kilo 68 sasa hivi 75, pumzi imeisha, na kocha anasema nije hata nicheze dakika 20 za mwisho. Kuna jamaa ananiambia nikichuliwa vizuri na nikinywa diklofenaki kabla ya mechi hakuna shida. Kwanini nisubiri wakati siumwi? Na nifanye nini nisipoteze fitness?

JIBU: Pole sana mdogo wangu, na hongera kwa kuuliza kabla hujaingia uwanjani, maana wengi wanaokuja kwangu wanakuja baada.

Nianze na hilo la maumivu maana ndo limebeba swali lote. Maumivu ya opresheni yanatoka kwenye vidonda, kwenye uvimbe, kwenye mfupa uliotobolewa, na hivyo vyote kwa mtu wa umri wako vinatulia ndani ya wiki kadhaa. Sasa ile kano waliyokupandikiza yenyewe ina ratiba yake. Walipoitoa nyuma ya paja waliikata kutoka kwenye damu yake, wakaipitisha kwenye matundu ya mfupa, wakaifunga. Ni kama mche uliohamishwa shamba, kabla haujashika udongo mpya unalegea kwanza. Ndani ya goti lako seli za zamani za ile kano zinakufa, mishipa mipya ya damu inaingia polepole, seli mpya zinaanza kuijenga upya iwe ligamenti, na katikati ya hiyo kazi, kuanzia kama wiki ya 6 mpaka wiki ya 12 hivi, ndo inakuwa dhaifu kuliko hata siku uliyotoka teatre. Wewe uko wiki ya 13, umetoka hapo juzi tu. Inaendelea kukomaa kwa miezi mingi baada ya hapo, kwa wengine hadi mwaka na zaidi, na kipindi chote hicho haiumi. Kwahiyo ukiniambia siumwi nakuamini kabisa, ila hiyo haituambii kitu kuhusu kano.

Kuna utafiti wa watu wa Oslo (Norway) na Delaware (Marekani), ulitoka 2016, waliwafuatilia wachezaji waliofanyiwa opresheni hii hii. Wakakuta kwamba kila mwezi mmoja mtu aliochelewa kurudi, mpaka kufikia mwezi wa 9, uwezekano wa kuumia tena goti ulipungua kwa asilimia 51. Baada ya miezi tisa kuchelewa zaidi hakukuongeza faida ya maana. Na waliorudi bila kufaulu vipimo vya nguvu na kuruka, karibu 38 katika kila 100 waliumia tena, waliofaulu kwanza ndo wakarudi walikuwa chini ya 6 katika 100. Hiyo tisa unayoambiwa kliniki imetokea huko, hawajaiota.

Na wewe ni winga. Mtu anayekimbia moja kwa moja barabarani goti lake linapata kazi tofauti na la winga anayekata ndani kwa kasi, anasimama ghafla, anageuka huku beki amemwegemea. ACL kazi yake ndo hiyo hasa, kuzuia mfupa wa chini usiteleze mbele na usijizungushe vibaya. Dakika 20 za mwisho nazo ndo mbaya zaidi, unaingia watu wamechoka, rafu zimeongezeka, uwanja wenyewe wa vumbi na mashimo, halafu wewe una hamu ya miezi mitatu. Hapana. Mwambie kocha hapana, na kama ni mtu mzuri ataelewa, na kama haelewi bado ni hapana.

Wenye umri wangu tunamkumbuka Ronaldo wa Brazil. Yeye haikuwa ACL, ilikuwa kano ya chini ya pia ya goti, iliumia Novemba 1999 akiwa Inter, akaopresheniwa, akarudi Aprili 2000 kwenye fainali ya Coppa Italia na Lazio, akacheza dakika chache tu akaanza kupiga zile chenga zake na kano ikakatika yote, hakuna hata aliyemgusa. Ikabidi aanze upya kabisa, na akaja kufunga magoli 8 Kombe la Dunia 2002, kwahiyo goti linaweza kurudi, ila lilihitaji muda ambao mara ya kwanza halikupewa. Mwangalie na Van Dijk, yule beki wa Uholanzi, ACL Oktoba 2020, Juni 2021 kuna Euro na Uholanzi wanamtaka, akasema hapana haendi, mechi ya ligi akacheza Agosti. Beki anayelipwa vile, na madaktari wote wale, bado alisubiri kama miezi kumi.

Sasa tuje kwenye kusubiri kwenyewe maana naona umelielewa kama kukaa. Kusubiri huku kuna kazi nyingi kuliko hata mazoezi ya timu, na kuna vitu unapima mwenyewe nyumbani ili ujue unaenda mbele au umeganda.

Cha kwanza uvimbe. Kaa kitandani mguu umenyooka, paja limelegea kabisa. Ukiangalia upande wa ndani wa goti, pembeni ya pia, kuna kishimo kidogo. Weka kiganja chini ya hicho kishimo usukume kwenda juu kuelekea paja, mara mbili tatu, kishimo kitabaki tupu. Halafu pitisha kiganja upande wa nje wa goti kutoka juu kushuka chini huku macho yako hayatoki kwenye kile kishimo cha ndani. Ukiona kimejaa kidogo, kama kawimbi kamepita chini ya ngozi, goti lina maji bado. Fanya hivi kila asubuhi kabla hujaanza kutembeatembea. Hii ni muhimu kuliko watu wanavyodhani kwasababu goti likiwa na maji ubongo unaizima misuli ya mbele ya paja, unaweza kunyanyua vyuma mwezi mzima na paja halijai. Na ndo kipimo chako cha mazoezi: jana umefanya kitu kipya, leo asubuhi kawimbi kamerudi au kameongezeka, basi jana ulizidisha, rudi hatua moja nyuma siku mbili tatu. Kasipoongezeka endelea.

Cha pili kunyooka. Lala kifudifudi, magoti yaishie ukingoni mwa kitanda, miguu ining'inie nje, mtu akuangalie visigino. Kama cha kushoto kiko juu kuliko cha kulia goti halijanyooka lote, na kila sentimita moja ya tofauti ni kama digrii moja. Wiki ya 13 hiyo tofauti ilipaswa iwe imeisha. Kama ipo, weka kisigino juu ya taulo lililokunjwa, goti lininginie hewani dakika kumi, mara tatu nne kwa siku, na kliniki uwaambie maana ikiachwa inagoma baadae. Cha tatu chukua futi ya fundi cherehani, pima kuzunguka paja sentimita 10 juu ya pia, kulia na kushoto, andika kwenye simu na tarehe. Rudia kila baada ya wiki mbili. Siku ambazo unaona hakuna kinachoendelea utaangalia hizo namba.

Fitness sasa. Pumzi yako haikai kwenye goti. Baiskeli ya jimu ndo rafiki yako mkubwa, kiti kipandishe ili mguu ukiwa chini unakaribia kunyooka, anza dakika 20 taratibu, na kama asubuhi goti kavu anza kupandisha, nusu dakika kali, dakika moja taratibu, mara nane mpaka kumi. Kwa winga hayo yanarudisha pumzi bila hata hatua moja ya kukimbia. Kuogelea ruksa kama vidonda vimefunga vizuri lakini staili ya chura acha, ule mpigo wa miguu kwa pembeni unalivuta goti vibaya, ogelea ya kawaida miguu ipige kidogo. Huna jimu huna bwawa? Kaa kwenye kiti piga ngumi hewani dakika mbili pumzika moja, raundi sita, utanielewa. Pushapu, kujivuta kwenye bomba, planki, vyote fanya. Na mguu wa kulia usiuache hata kidogo, mazoezi ya nguvu kwenye mguu mzima yanausaidia na ule mgonjwa kwa njia ya mishipa ya fahamu, hilo limepimwa sana, na pia utakuja kulinganisha nguvu za kushoto na za kulia, sasa kama na kulia kumelegea utadhani umepona kumbe miguu yote miwili imeshuka.

Mguu wa kushoto wenyewe unahitaji uzito, na hapa ndo naona watu wanapoteza miezi, wanafanya vile vya kunyanyua mguu kitandani mpaka mwezi wa tano. Skwati, kusukuma mguu kwenye mashine, kupanda kiboksi kwa mguu mmoja na kushuka taratibu ukiangalia goti lisiangukie ndani, seti tatu nne, mara 8 hadi 12, uzito ambao zile mbili za mwisho zinakusumbua kweli. Mara tatu kwa wiki, siku ya kupumzika katikati. Ile mashine ya kukaa na kunyoosha goti ni nzuri kwa misuli ya mbele ila umbali wa kunyoosha na uzito akupangie fizio wako. Nyuma ya paja walikochukua kano nako kumejeruhiwa, kusisahauliwe, madaraja ya nyonga kwanza (unalala chali, magoti umekunja, unainua nyonga), kukunja goti kwa uzito mkubwa ukufikie polepole.

Kukimbia usikimbie kwasababu kalenda imefika. Mimi naangalia hivi: goti halina maji, limenyooka lote, linakunja karibu sawa na lingine, nguvu ya mbele ya paja imefika angalau asilimia 70 ya mguu wa kulia, na unaweza kuinuka kwenye kiti kwa mguu mmoja mara kumi bila goti kuyumba. Ukifaulu, anza dakika moja kukimbia mbili kutembea, mara nane, siku moja ndiyo siku moja hapana, kwenye sehemu ngumu kiasi na tambarare. Mchanga mkavu wa beach najua Dar ndo tumezoea ila kwa sasa uache, unazama na kupinda. Kona, kuruka, kukata, mpira na watu vinakuja mwishoni kabisa kwa mpangilio, na kabla ya mechi ya kwanza vipimo vya kuruka kwa mguu mmoja na nguvu vifike asilimia 90 ya mguu mwingine au zaidi.

Kuhusu huyo jamaa yako. Diklofenaki inazima taarifa tu, goti linabaki lilelile, kwahiyo utaingia uwanjani na kano changa halafu umezima na kengele. Kuchua misuli ya paja na ndama iliyokaza sawa, kwa mikono laini, lakini mtu asikukandamize na kulipinda goti lenyewe, nimeona magoti yaliyokuwa kavu yakajaa maji kwa sababu ya hiyo kazi.

Kilo saba usizipiganie kwa njaa. Ukikata chakula sana misuli nayo inaondoka na wewe unaitafuta. Punguza soda, chipsi za usiku, wingi wa wali na ugali kidogo maana huchezi tena kila jioni, lakini protini pandisha, kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili, kwako ni gramu 110 hadi 120 kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6, nusu lita ya maziwa kama 16, halafu kuna dagaa, samaki, maharage, kuku, gawanya kila mlo usilundike usiku. Lala vya kutosha. Sigara kama unavuta acha, inachelewesha kano kushika.

Na kichwa nacho, sijakisahau. Miezi ya nne na ya tano ndo watu wanakata tamaa, maumivu hamna, wenzako wanacheza, ndugu wanadhani unadeka. Usijifiche nyumbani. Nenda mazoezini siku mbili kwa wiki, kocha akupe kazi kabisa, shika saa, hesabu pasi, simamia vijana wapashe misuli kwa ule mpango wa FIFA 11+ ambao unachukua kama dakika 20 na umetengenezwa kupunguza majeraha kama hili lako, utausoma sasa uutumie wewe mwenyewe ukirudi. Malengo yako yawe ya wiki mbili mbili, futi ya paja iongezeke nusu sentimita, uinuke kwenye kiti mara 12 badala ya 8. Miezi tisa kwa mkupuo inamshinda mtu yeyote.

Mwisho hivi vya haraka: ndama ikivimba na kuuma na kuwa ya moto, au goti likawa jekundu la moto na homa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ukishindwa kupumua vizuri ghafla au kifua kikabana usisubiri hata saa moja. Goti likikuachia unatembea, au likisikika "pap" halafu likavimba ndani ya masaa machache, simamisha kila kitu umuone daktari aliyekuopresheni. Mengine yote anza na vile vipimo vitatu kesho asubuhi, andika, na kliniki ijayo waoneshe hizo namba halafu waombe wakupime nguvu ya paja pande zote mbili.