Nikiomba, najisikiliza sauti

Shangazi, shikamoo. Naimba nyimbo za Injili. Wimbo wangu mmoja umeshika, redio zinaupiga, na kwenye daladala za Kariakoo makonda hawataki nauli yangu. Kanisani nimewekewa kiti cha mbele. Watu wakinisifu nasema "ni Mungu tu", lakini moyoni nafurahi. Siku hizi hata nikiomba chumbani najikuta naisikiliza sauti yangu ilivyo nzuri. Mpiga kinanda wangu naye kanuna, anasema hajaona chake. Nifanyeje nisimkosee Mungu?
Mwimbaji, Tabata

Marahaba, mwanangu. Kufurahi siyo dhambi. Ukisifiwa sema asante, basi. Hizo "ni Mungu tu" za mjini hapa, nyingine husemwa ili mtu aongezewe sifa, nawe unajua. Kiti cha mbele kalia, usilete maigizo ya kukikataa mbele ya waumini. Konda mlipe, jioni ana hesabu ya tajiri. Sauti ikikusumbua kwenye maombi, omba kimyakimya. Na mazoezi ya kwaya usiyaache: simama na wenzako wa sauti ya pili, mwalimu akikukatisha, nyamaza urudie.

Sasa fungua Danieli 4. Mfalme Nebukadneza anatembea kwenye jumba lake, anajisifu kwamba Babeli kaujenga yeye, kwa nguvu zake, kwa utukufu wake. Mji ulijengwa kweli, ila waliobeba matofali hawamo kwenye maneno yake. Akafukuzwa, akala majani kama ng'ombe, hadi alipoinua macho mbinguni. Lakini wengi huruka mstari wa 27. Danieli alikuwa amekwisha kumshauri: tenda haki, wahurumie maskini. Hakumwambia ajikaze asijisikie. Alimwelekeza kwa watu.

Ndiyo maana nimeganda kwa mpiga kinanda wako. Umemtaja mwishoni, harakaharaka, na kuhusu sauti yako umeandika kwa kirefu. Mungu unamwogopa chumbani, na huyu kijana anakudai sebuleni! Mwite. Mpige hesabu za shoo na za mtandaoni, umpe chake, na jina lake liandikwe kwenye wimbo. Kama mlikubaliana kwa mdomo tu, safari hii andikishaneni, shahidi awepo. Usimpe kwa kumwambia "Mungu kanigusa nikubariki". Ni deni hilo. Mkishamalizana, niandikie amesemaje.