Kitabu cha rangi kwa mtoto wa miaka 2

Mzazi mwenzangu, kwa mtoto wa miaka 2 chukua kitabu cha kujifunza majina ya rangi chenye kurasa ngumu na rangi moja kila ukurasa. Kubwa zaidi, rangi hiyo ionekane kwenye vitu tofauti. Nyekundu ikiwa kwenye tufaha peke yake, mtoto anaweza kudhani ndilo jina la tunda. Vikiwekwa tufaha, kiatu na mpira vyekundu pamoja, anaanza kuona kinachofanana. Kagua uchapaji pia, maana kuna vitabu ambavyo rangi ya machungwa na nyekundu hata wewe utazichanganya. Vile vya kubonyeza vikalia mimi sivipendi, mtoto anahangaika na kitufe tu. Akikosea majina usihofu, wengi huyashika vizuri wakikaribia miaka 4.