Vileja vya Idi: utaoka na hutaonja

Mdogo wangu unayetaka kuanza kuoka vileja, zile biskuti za unga wa mchele, kwa oda Ramadhani hii, kumbuka kwamba utakuwa umefunga. Hutaonja donge, wala hutamega kileja kuona kama iliki imekolea. Mpaka magharibi utategemea macho, pua na mizani. Mwaka wangu wa kwanza hapa Mombasa nilipima kwa kikombe, kama alivyokuwa akipima mama, nikasahau kwamba mkono wa mama ulikuwa na mazoea ya miaka mingi. Trei moja ikatoka tamu kupita kiasi, nyingine chapwa, nami nikayajua hayo baada ya kufuturu, trei sita zikiwa zimeshapoa.

Kwa hiyo nunua mizani kabla ya kununua kitu kingine chochote. Kipimo changu ni unga wa mchele gramu 500, samli gramu 250, sukari laini gramu 250, mayai mawili na kijiko cha chai cha iliki. Iliki itwange siku hiyo hiyo. Ukifunua kinu na harufu isikufikie puani, kileja nacho hakitanukia.

Wengi huharibu kwenye samli. Joto letu la mchana huiyeyusha koponi, na samli iliyoyeyuka haishiki hewa. Itie kwenye friji kidogo mpaka igande laini, kisha ipige na sukari mpaka rangi ya manjano ififie, ikaribie weupe, nayo ivimbe. Usichoke mapema. Unga wa mchele hauna mnato wa ngano, na wepesi wa kileja unatokana na hewa uliyoipiga humo. Ndiyo sababu pia donge lake halivutiki na hupasuka pembeni. Usilitie maji! Likusanye kwa kiganja, lifunike, liache nusu saa, maana unga huu hunywa unyevu polepole.

Halafu oka kimoja peke yake, kabla ya trei nzima. Kikitambaa, donge lina joto, lirudishe kwenye friji. Kikimeguka chenyewe, samli ni chache. Mimi huoka kwa nyuzi 160 hadi 170, dakika 15 hadi 20. Juu kibaki cheupe. Rangi itafute chini yake. Mwenye seredani aweke makaa machache chini na mengine juu ya kifuniko. Kikitoka, usikiguse mpaka kipoe kabisa, kwani kileja cha moto huvunjika vidoleni.

Pambo la asili ni nukta ya rangi juu, inayotiwa kabla ya kuoka, na kwangu mimi hakuna pambo linalokipendeza kileja kuliko hilo. Lakini wateja wa siku hizi wanataka miezi na nyota zenye aisingi. Hizo zifanye kwa donge la ngano, linalokatika vizuri. Kwa aisingi natumia ute wa yai wa unga, unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya keki, kwa sababu walaji wengi ni watoto na ute mbichi una hatari. Chora ukingo kwa aisingi nzito, kisha jaza kwa nyepesi zaidi. Ile ya kujazia ipitishe kisu: mstari ukijifunga kwa muda wa kuhesabu kama 10, iko sawa. Biskuti iwe imepoa, na rangi moja ikauke kabla ya kuweka nyingine kando yake, la sivyo nyekundu itaingia kwenye nyeupe. Hewa ya bahari ina unyevu, basi ziache usiku kucha mbele ya feni kabla ya kuzipanga koponi.

Acha kupokea oda tarehe 20 ya Ramadhani. Vileja vikiwa vikavu, koponi hukaa zaidi ya wiki bila shida, kwa hiyo usiogope kuvitanguliza. Mwaka mmoja nilihesabu siku 30, na mwezi ukaandama 29. Takbira zinasikika msikitini, nami nina kilo nne za donge mbichi mezani na wateja wamesimama mlangoni. Nililia. Tangu mwaka ule trei yangu ya mwisho hutoka tarehe 26 kabla ya magharibi, na usiku wa ishirini na saba nausimamia kwenye mswala.