Nauli ya mateja ilivyotupunguzia wizi mtaani

Nimekuwa katibu wa kamati ya ulinzi shirikishi mtaani kwetu, Temeke. Tulianza kama wengi: kila kaya ichangie, vijana wazunguke usiku na virungu na filimbi. Wizi haukupungua. Sufuria, koki za bomba, mpaka mita za maji ziliendelea kuondoka.

Aliyetufumbua macho ni mama mmoja ambaye mwanawe ni teja, anatumia unga, yaani heroini. Alisimama kikaoni akasema, "Nyie mnalinda saa saba usiku. Mwanangu anaamka na arosto saa kumi na moja alfajiri." Kweli kabisa. Mtumiaji wa heroini akipitisha muda wa saa 8 hadi 12 bila kete, arosto inaanza: miayo inamshika, makamasi yanamtoka, tumbo linamsokota, mifupa inamuuma. Hapo anabeba chochote kinachouzika haraka, na walinzi wetu walikuwa wameshaingia ndani kulala.

Ukiunda kamati, basi, waite wazazi wa mateja tangu kikao cha kwanza, wakae kama wajumbe. Sisi tulikuwa tunawaita kuwasuta tu, na tulichelewa sana kwa ajili hiyo.

Halafu waite wanunuzi wa chuma chakavu. Koki isiyo na mnunuzi haiibwi. Tulikaa nao, mwenyekiti wa serikali ya mtaa na polisi kata wakiwepo, tukapatana kwamba mizani haifunguliwi kabla jua halijachomoza na mita ya maji hainunuliwi kwa bei yoyote.

Kazi kubwa ni methadoni, dawa ya kunywa inayozuia arosto. Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011, kisha Mwananyamala na Temeke. Hailipiwi, ila kwa kawaida mtu anainywa palepale mbele ya mhudumu, kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Dozi moja humshikilia mtu kama saa 24 bila arosto. Wengi hawashindwi na dawa, wanashindwa na nauli ya kwenda kliniki. Nilipopendekeza sehemu ya mchango wa ulinzi iwe nauli, watu walinuna: "Tuwalipie wezi wetu?" Niliwaelewa, maana hata mimi nilishaibiwa pampu. Lakini usiku mmoja wa walinzi wawili ulitugharimu kuliko nauli za vijana wetu wote kwa siku.

Hela usimpe mkononi. Mzazi au mlinzi wa zamu apande naye daladala, walau miezi ya mwanzo. Na akipotea siku mbili, mtafuteni mara moja, bila kipigo. Anayepigwa anahama kijiwe na hamtamwona tena. Akikosa siku kadhaa mfululizo, mwili unapoteza uzoefu wa kuhimili dawa, na kliniki humwanzishia upya kwa dozi ndogo. Akirudia unga kwa kipimo chake cha zamani wakati huo, anaweza kufa. Tulimzika mmoja hivyo, na ndiyo maana sasa yule mama ndiye anayeshika daftari la mahudhurio.