Kumtafutia mchezaji kura za tuzo

Kwa misimu minne nilifanya kazi katika ofisi ya habari za michezo ya chuo kikuu kimoja cha magharibi mwa Marekani, na sehemu ya kazi hiyo ilikuwa kuwanadi wachezaji wetu wa futiboli ya Kimarekani kwa waandishi wanaopiga kura za tuzo. Ninawaandikia vijana wetu wanaosomea mawasiliano huko, kwa sababu makosa niliyoyafanya yanaepukika.

Kwanza jueni jinsi kura zinavyohesabiwa. Tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo vikuu, inayotolewa tangu 1935, hupigiwa kura na wanahabari 870 waliogawanywa katika kanda 6, watu 145 kila kanda, pamoja na washindi wa zamani walio hai na kura moja ya mashabiki. Kila mpiga kura huorodhesha majina matatu: la kwanza hupata pointi 3, la pili 2, la tatu 1. Ndiyo maana sikujisumbua kumshawishi mwandishi wa kusini amwache kijana wa kwao. Nilimweleza kwa nini wetu anastahili nafasi ya pili.

Shida yetu kubwa ilikuwa saa. Mechi iliyoanza saa moja na nusu usiku kwetu, New York ilikuwa tayari saa nne na nusu, na ilipofika robo ya mwisho mwandishi wa kule alikuwa amelala. Kwa hiyo Jumapili asubuhi, kabla hajaandika safu yake, alikuta ujumbe wangu wenye sentensi mbili, takwimu moja na video isiyozidi sekunde 40. Chuo Kikuu cha Oregon kilikabili tatizo hilohilo mwaka 2001 kwa kutundika bango kubwa la mchezaji wake Joey Harrington jijini New York, kwa dola 250,000. Alimaliza wa nne katika kura za Heisman, na mimi naamini fedha zile hazikupotea, kwani jina lake lilifika mahali ambapo mechi zake hazikutazamwa. Ofisi yenye bajeti ndogo itegemee ujumbe wa Jumapili.

Takwimu ihakikini wenyewe. Wachezaji wawili wakimwangusha kwa pamoja kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, kila mmoja huandikiwa nusu, lakini mimi nilimhesabia beki wetu moja nzima kila mara, nikatangaza 11 badala ya 9.5. Mpiga kura mmoja aliyekuwa ameitazama mechi alinipigia simu kuniuliza nimeipata wapi hesabu hiyo. Nilituma masahihisho kwa wote siku ileile, lakini yeye hakujibu tena ujumbe wangu wowote msimu ule, na aliyeumia ni kijana ambaye hakukosea lolote.

Chagueni pia tuzo inayomfaa mchezaji. Heisman huwaendea zaidi makwotabeki na wakimbiaji. Charles Woodson wa Michigan, aliyeishinda mwaka 1997 akiwa mlinzi, alikuwa pia anadaka pasi na kurudisha mipira iliyopigwa kwa mguu. Beki wa kati, anayesimama nyuma ya mstari wa mbele wa ulinzi, mpelekeni kwenye Butkus, mtu wa mstari wa ndani kwenye Outland, na anayepiga mpira kwa mguu kuurudisha mbali kwa wapinzani kwenye Ray Guy, ambako wapiga kura wanaifahamu kazi yake.

Kabla ya yote hayo, mwulizeni mwenyewe kama anataka. Beki wetu alikubali kwa sharti kwamba asipigwe picha wala kuhojiwa wiki ya mitihani, nasi tukaiandika wiki hiyo kwenye ratiba kabla ya tarehe ya mechi ya kwanza.