Taa za nyuma ya kioo cha TV: badilisha zote

Mwaka wangu wa kwanza wa ufundi hapa Chake Chake niliiharibu TV ya ami mmoja kwa kumwonea huruma. Taa mbili za nyuma ya kioo zilikuwa zimekufa. Ili asinunue mikanda mizima ya taa, nikamtilia mbili nilizozing'oa kwenye TV mbovu. Siku ya tatu karudi: "Mwanangu, mbona kila mchezaji akifika kona ya kushoto anakuwa wa buluu?"

Tangu hapo, mteja alie asilie, nabadilisha taa zote.

Ile tunayoiita taa nyeupe ndani yake mna LED (kitaa kidogo cha umeme) ya buluu iliyofunikwa unga wa njano. Buluu na njano zikichanganyika, jicho linaona weupe. Unga ukichakaa kwa joto, buluu inatoka tupu. Sasa ukichanganya kuukuu na mpya, kila moja imechakaa kivyake, na kioo hakifichi. (Buluu hiyo si kitu cha kubeza. Akasaki, Amano na Nakamura walipewa Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa kuipata.)

Kijana wa skuli anayenisaidia dukani kaniuliza habari za LED za peroviskaiti, aina ya fuwele inayotoa mwanga, kwamba zitakuja kuwa za bei rahisi. Kijani na nyekundu zinakwenda vizuri, nikamwambia, buluu ndiyo inayosumbua. Kuipata, watafiti huchanganya bromini na klorini ndani ya fuwele. Umeme ukipita, viwili hivyo hujitenga, na rangi inaanza kuvutwa upande wa kijani. Wengine hutengeneza fuwele za matabaka membamba sana. Hapo napo, matabaka yasipolingana unene, nishati hukimbilia manene na buluu inapotea. Kijana akacheka: "Kama TV ya ami." Ndiyo, kasoro ni ile ile ya kutolingana. Halafu unyevu ni adui yao mkubwa, na masika ya Pemba unayajua. Mtu akikuuzia leo TV ya namna hiyo, shika pesa zako.

Ukenda kununua mikanda, hesabu taa, pima kwa mita kama ni za volti 3 au 6, na chukua seti moja ya pakiti moja. Ukishafunga, ingia kwenye mipangilio ushushe mwanga wa nyuma. Nyingi huachwa 100, na joto hilo ndilo linaloua unga.

Ami nilimfungia mikanda mipya kwa pesa zangu. Mwanga nikauweka 60, nikamwambia wajukuu wasiguse. Wameshagusa.