Kuiacha Kazi ya Ndoto Ukiwa Bado Unaipenda

Vijana wanaosomea uandishi wa habari pale Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT), Malimbe, na wengine ambao tayari wako kwenye madawati ya michezo ya redio za hapa Mwanza, huniuliza ilikuwaje nikaacha kutangaza mpira, kazi niliyoiota tangu nikiwa shule ya msingi, nikaenda kwenye mradi unaowafikishia wavuvi taarifa za hali ya hewa ya ziwa. Mara nyingi anayeuliza hatafuti historia yangu. Ana barua ya ajira mpya nyumbani, amekwisha kuisoma mara nyingi, na anachotaka kujua ni kama mtu anaruhusiwa kuondoka hata kama hajachoka na hajagombana na yeyote. Ninaamini anaruhusiwa, na zaidi ya hapo ninaamini kwamba wakati mzuri wa kuondoka ni ule ambao kazi ya zamani bado unaipenda, kwa sababu hapo ndipo unapoweza kuichagua kazi mpya kwa sifa zake, wala si kuikimbilia kwa kuwa umebanwa.

Niieleze kwanza kazi yenyewe, maana anayeitazama kutoka nje anaweza kudhani niliiona ndogo. Mwaka 2017 Mbao FC, timu ya hapa Mwanza, ikiwa katika msimu wake wa kwanza Ligi Kuu, iliwatoa Yanga kwenye nusu fainali ya Kombe la FA katika Uwanja wa CCM Kirumba, na mimi nilikuwa na kipaza sauti mkononi. Mbao walikwenda Dodoma wakafungwa na Simba mabao 2-1 kwenye fainali, lakini jioni ile ya Kirumba mji mzima ulikuwa unasikiliza, kuanzia wauza dagaa wa Mwaloni hadi madereva wa daladala za Buzuruga na Igoma, na wale wasiokuwa na tiketi wala luninga waliuona mchezo kwa maneno yangu. Hakuna mshahara unaoweza kufidia jambo la namna hiyo, na sitamshauri mtu yeyote aondoke kwa kujidanganya kwamba alichokuwa nacho hakikuwa na thamani.

Hata hivyo, kazi haipimwi kwa siku ya mechi kubwa peke yake. Ichukue Jumanne ya kawaida uitazame vizuri. Jumanne yangu ilikuwa ya kuwapigia simu makatibu wa timu ambao hawapokei, kusoma matokeo ya ligi za Ulaya ambayo msikilizaji ameshayaona kwenye simu yake, kufuatilia wadhamini wa kipindi, na kujaza saa nzima kwa habari za Simba na Yanga zilizopikwa Dar es Salaam, ambako sisi wa Kanda ya Ziwa hatukuwa na la kuongeza zaidi ya maoni. Hali hiyo ilizidi baada ya Mbao na Alliance, timu nyingine ya Mwanza, kushuka daraja pamoja mwaka 2020, kwa kuwa jiji letu lilikaa bila timu yake Ligi Kuu hadi Pamba Jiji ilipopanda mwaka 2024. Nilifanya kazi ile kwa moyo wote katika kipindi hicho, lakini nilianza kujiuliza iwapo ningeikubali Jumanne hiyo kwa miaka mingine mitano endapo hakuna kitakachobadilika. Ninakushauri ujiulize swali hilo hilo kuhusu kazi unayoiacha na kuhusu ile unayoiendea, na kwa hii ya pili usikae kukisia: mtafute mtu anayeifanya, umwombe akusimulie siku yake ya jana tangu asubuhi hadi alipofunga ofisi. Cheo kilichoandikwa kwenye barua hakikuelezi chochote kuhusu siku hiyo.

Wakati wa kuondoka ndio uliosumbua zaidi familia na rafiki zangu. Ajira mpya ilikuja Pamba ikiwa imerejea Ligi Kuu, timu iliyotwaa ubingwa wa nchi mwaka 1990 na ambayo wazee wa Mwanza hawajaacha kuisimulia. Watu waliniambia, "Kaka, Pamba imerudi, halafu wewe ndiyo unaondoka?" Wengine walinitaka nisubiri fainali za AFCON za mwaka 2027, ambazo Tanzania itaandaa pamoja na Kenya na Uganda. Niliwaelewa, kwa sababu walinitakia mema. Lakini mtu wa habari za michezo lazima alielewe jambo hili mapema kuliko wenzake: kalenda ya mpira haina nafasi ya kuagana. Msimu mmoja ukiisha dirisha la usajili linafunguliwa, usajili ukifungwa ligi inaanza, na katikati yake kuna timu ya taifa. Anayesubiri tukio kubwa lipite ndipo aamue atasubiri mpaka siku ya kustaafu, na ajira aliyoahidiwa itakuwa na mtu mwingine. Angalia tarehe ya mwisho iliyo kwenye barua yako, uamue ndani yake.

Kuhusu ujuzi, wasiwasi wa vijana wengi ni kwamba wakitoka kwenye michezo wataanza upya kabisa. Ndivyo ilivyo kwa nafasi unayoikalia, siyo kwa ujuzi. Mtangazaji wa mpira redioni hufundishwa kumjibu msikilizaji asiyeona: mpira uko wapi, uko kwa nani, unaelekea upande gani, na zimebaki dakika ngapi. Katika wiki zangu za mwanzo kwenye mradi nilikwenda mwalo wa Igombe na karatasi ya utabiri iliyosema mawimbi yatafikia mita moja na nusu, nikaisoma jinsi ilivyo, na mzee mmoja aliyekuwa anashona wavu akaniuliza kwa utulivu, "Sasa mwanangu, hiyo mita moja na nusu mimi naipimia wapi?" Nilimwomba asimame kando ya mtumbwi wake. Ubavu wa mtumbwi ulimfika kiunoni, na mita moja na nusu ilimfika mabegani. Hakuhitaji maelezo zaidi. Tangu hapo tangazo letu husema mawimbi yatamfika mtu mzima mabegani, husema yanatarajiwa upande gani wa ziwa na kuanzia saa ngapi, na husema wazi kama mtumbwi mdogo usitoke.

Ninalieleza hili kwa kirefu kwa sababu ndilo lililonithibitishia kwamba nilichukua hatua sahihi. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, upepo ukavuma kutoka ufukweni kuelekea katikati ya ziwa, hewa yenye joto na unyevu ikapanda, na ngurumo nyingi za Ziwa Victoria zikatokea kati ya usiku wa manane na alfajiri, saa zile zile ambazo wavuvi wa dagaa wako majini na taa zao. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa upo, na redio zipo mpaka Ukerewe. Kilichokuwa kinahitajika ni mtu wa kuuweka utabiri huo katika maneno ambayo mvuvi anaweza kuyatumia kabla ya jua kuzama, na kazi hiyo nilikuwa nimeizoea Kirumba bila kuipa jina hilo. Kabla hujakubali ajira mpya, andika mambo unayoyafanya kwa mikono, kwa sauti na kwa akili katika kazi ya sasa, ukiweka kando jina la kituo na la kipindi, kisha uone ni mangapi yanahitajika huko uendako. Ukikuta hakuna hata moja, fikiri upya, hata kama mshahara ni mkubwa.

Kuna hasara ambayo haimo kwenye mkataba. Mtangazaji huzoea kutambuliwa kwa sauti kwenye daladala, dukani, hata hospitalini. Heshima hiyo hupungua haraka kuliko unavyotarajia, na wanaokuita kwa jina la kipindi watapata mwenzio wa kumwita hivyo. Mama yangu aliumia kuliko mimi, kwa kuwa majirani waliacha kumpongeza kila Jumamosi. Zungumza na watu wa nyumbani kabla ya kuandika barua, uwaeleze kitakachobadilika, ikiwa ni pamoja na hilo, ili lisiwafikie kama aibu.

Upande wa sheria na fedha ni mfupi, lakini usiuruke. Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi na aliyepita mwezi wake wa kwanza kazini anatakiwa kutoa notisi ya maandishi isiyopungua siku 28, na mkataba unaweza kuweka muda mrefu zaidi, kwa hiyo usome kabla ya kuahidi tarehe ya kuanza kwa mwajiri mpya. Dai mshahara wa siku ulizofanya kazi, malipo ya likizo ambayo hukuichukua, na cheti cha utumishi, ambacho waandishi wengi huondoka bila kukiomba. Kiinua mgongo cha siku saba kwa kila mwaka wa utumishi kinamhusu aliyeachishwa na mwajiri, hivyo anayejiuzulu mwenyewe asikiingize kwenye bajeti yake. Hakikisha pia kwamba michango yako ya NSSF imewasilishwa hadi mwezi wa mwisho. Ikiwa umekuwa ukifanya kazi bila mkataba, kama ilivyo kwa wenzetu wengi wa mikoani, andika barua ya kuaga vilevile na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Wiki za notisi ni za kukabidhi. Mpeleke atakayekurithi kwa makocha na makatibu wa timu, umtambulishe ana kwa ana; namba ya simu peke yake haitoshi, kwa sababu chanzo cha habari humwamini mtu, siyo kituo. Ukurasa wa kipindi na kundi la WhatsApp la wasikilizaji ni mali ya kituo, uviache na nywila zake. Siri ulizoambiwa na wachezaji kwa kukuamini ziondoke nawe, na zisitumike kukunogesha mahali papya. Waage wasikilizaji hewani kama mhariri ataruhusu, kwa sentensi chache, bila kudokeza malalamiko.

Kama unafikiria kuendelea kutangaza mechi siku za mapumziko, muulize mwajiri mpya kabla ya kusaini, na jibu lake liwe la maandishi. Mimi niliuliza nikakubaliwa kwa mechi chache, lakini msimu wa kwanza nilichagua kukaa jukwaani na tiketi yangu kama shabiki wa Pamba, ili mwenzangu aliyepokea kipaza sauti azoeleke bila watu kumlinganisha nami kila wiki.

Kwa wale ambao sababu yao pekee ya kuondoka ni ugomvi na msimamizi, ratiba mbaya au nyongeza ya mshahara iliyochelewa, ninawaomba wasijiuzulu bado. Hayo ni mambo ya kuzungumza na mhariri mkuu kwanza, kwa barua na kwa miadi, mkiwa wawili mezani. Mpe muda wa kujibu. Akijibu, na bado ukawa unaifikiria ile kazi nyingine kwa sababu ya kile utakachokifanya humo, barua yako ya notisi itakuwa rahisi kuiandika.